Usukani wa Kusalimia Watu

Gereji, Katesh
Jioni, kabla ya safari yako

Mwanangu Fausta,

Sina haja ya kukuuliza hali, maana nakusikia kutoka hapa ukibishana na mama yako juu ya blanketi la pili. Yeye anasema Mbeya kuna baridi, wewe unasema sanduku limejaa. Najua nani atashinda. Kwa hiyo mambo ya blanketi, sabuni, ndala na kutokula ovyo njiani nimemwachia yeye. Mimi nimekaa kwenye benchi langu la kazi, nimesogeza spana pembeni na kufuta grisi kadiri nilivyoweza. Ukikuta alama ya kidole cheusi kwenye karatasi, ujue ni barua halali ya baba yako.

Nitaiweka juu ya sanduku lako. Isome leo kabla hujalala, kwa sababu kuna kitu cha kufanya asubuhi pale stendi, na nataka ukifanye ukijua sababu yake.

Tangu Jumapili nimetaka kukwambia jambo hili kwa mdomo. Nimekuita mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kukuagiza chai. Unakumbuka Jumapili watu walipokuja kukuaga. Ulisimama pale uani, ukawashukuru wote kwa mpangilio mzuri kuliko nilivyotegemea, kisha ukasema unakwenda kusomea ufundi kwa sababu umelelewa na fundi ambaye hajawahi kumwangusha mtu. Wakapiga makofi. Mimi nikatazama chini, na wewe ukadhani ni haya. Mama yako naye alikuwa ameinamia sahani, anatafuta mfupa ambao haukuwepo.

Fausta, nimewahi kumwangusha mtu. Mtu mwenyewe ni mama yako.

Wewe unaijua habari ya ng'ombe, na Katesh nzima inaijua. Kwamba kabla hujazaliwa mama yako alikuwa nesi mgeni, anaendesha pikipiki kubwa ya zahanati, ng'ombe akakatiza barabara, akaanguka na kuvunjika mkono wa kushoto. Ni huo mkono wake usionyooka. Ulipokuwa mchanga ulikuwa ukilala humo kwenye kiwiko chake kilichopinda, na ukihamishiwa mkono wa kulia unalia. Basi hakukuwa na ng'ombe barabarani. Kulikuwa na kazi ya mikono yangu.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Kabla ya gereji hii nilikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba makubwa ya ngano huku Hanang. Nilikuwa fundi mzuri, sitajishusha kwa ajili ya barua. Ikaja miaka ile ya mageuzi, serikali ikaanza kujitoa kwenye biashara, tukaitwa ofisini mmoja mmoja tukapewa mkono wa kwaheri. Nikaja Katesh na sanduku la spana pamoja na maringo yangu yote. Wakati huohuo mitumba ilikuwa inaingia kwa wingi, redio, baiskeli, pikipiki, na watu ambao hawakuwahi kuwa na kitu cha kuharibika wakawa nacho. Nikatundika ubao: TUNATENGENEZA VYOMBO VYOTE VYA MOTO. Tulikuwa mimi peke yangu, na pikipiki nilikuwa nimefungua mbili tatu tu maishani.

Mama yako alikuwa amepangiwa zahanati ya huku akitokea Songea. Hakuwa na ndugu hata mmoja kuanzia hapa mpaka kwetu Mbulu. Pikipiki yenyewe iliachwa na msafiri mmoja Mzungu aliyekuwa akizunguka Afrika. Akaugua malaria, akatibiwa pale, na alipopona akasema barabara imemtosha, akapanda gari kwenda Arusha na pikipiki akaiacha kama shukrani. Ilikuwa chombo cha kukimbilia kwenye lami, chenye kioo mbele na maganda ya plastiki ubavuni, na lami wakati huo ilikuwa bado ndoto huku kwetu. Wote zahanati waliiogopa isipokuwa mama yako. Kiangazi alikuwa akifunga nyuma boksi la chanjo na kwenda vijijini. Yaeda Chini tu, kule bondeni kwenye njia mbaya, ndiko hakuthubutu kuipeleka, huko alisubiri gari la misheni.

Shida ilikuwa usukani. Pikipiki za namna ile usukani wake uko chini na mbele, anayeendesha anailalia tangi. Unaelewa. Ukiinua mkono mmoja, uzito wote unabaki kwenye mkono wa pili na chombo kinayumba. Mama yako akawa anapita vijijini kifua kwenye tangi, uso kwenye kioo, mikono imeng'ang'ania. Na huku kwetu unajua. Mzee ukimpita bila shikamoo umeshamwambia kitu kibaya hata kama hukufungua mdomo. Maneno yakaanza kwamba yule nesi wa Songea hana adabu, anatupita akituonyesha kofia tu. Halafu kina mama wakaanza kupungua kwenye siku za chanjo, kwa sababu wakwe zao walisema mtu asiyeweza kusalimia atamshikaje mtoto.

Siku moja akaja hapa, akaegesha, akanyoosha mgongo kwa shida. Akaniambia, "Fundi, naomba uninyanyulie usukani. Nataka nikae wima niweze kusalimia watu."

Nilicheka. Nilikuwa nimeshaombwa kutengeneza breki, taa, injini, lakini adabu ilikuwa mara ya kwanza. Yeye hakucheka, nami nikaacha.

Nilichofanya ni hiki, na naomba usome kama fundi. Nilichukua pini nene ya trekta, ile ya kukokotea plau. Nikakata vipande viwili vya urefu wa vidole vitatu kila kimoja kwa msumeno wa chuma, nikavitoboa katikati, nikavipiga tupa siku mbili mpaka vikakaa sawasawa. Nikafungua usukani, nikaviweka chini yake, kimoja kushoto na kimoja kulia, nikafunga kwa bolti ndefu zaidi. Usukani ukapanda vizuri. Bomba la breki likawa limekaza, nikalifungua kwenye kishikio chake nikalipitisha mbele, likatosha. Waya wa klachi nikaulegeza kwenye nati yake, ukatosha. Waya wa mafuta, ule wa kuongeza mwendo, ulikuwa umekaza kidogo kuliko ninavyopenda, lakini nilipowasha injini ilinguruma taratibu, nikavuta ikapanda, nikaachia ikashuka. Tairi la mbele lilikuwa limetazama mbele moja kwa moja. Nikazima, nikafuta mikono, nikamwita.

Umeshaliona kosa. Najua umeliona kabla sijamaliza sentensi, na usome mara mbili uone jinsi lilivyokuwa rahisi kuliepuka.

Kwenye trekta usukani ni usukani tu. Mafuta yana mkono wake pembeni, klachi na breki viko chini miguuni. Usukani wa trekta unaweza kuunyanyua, kuushusha, kuuzungusha mpaka uchoke, na hakuna kitakachovutwa. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo miaka mingi. Kichwa changu kilikuwa bado kiko kwenye ngano. Sikuwaza kwamba kwenye pikipiki kila kitu kinasafiri pamoja na usukani, na waya unaotosha tairi likiwa limenyooka hautoshi ukikata kona.

Kwa wiki nzima alipita wima, akiinua mkono, shikamoo upande huu, shikamoo upande ule. Barabara zile hazina kona kali. Watu wakaanza kumwita "yule nesi wetu". Nilijisikia kama nimemzaa upya.

Kisha siku moja, akitoka kwenye chanjo, akamwona mzee mmoja wa Kimang'ati kando ya barabara, amesimama na fimbo yake, ng'ombe wake wakila majani nyuma yake. Mzee huyo ni Gidamis wa Gehandu, huyohuyo unayemjua. Mama yako alikuwa amempita mara nyingi siku za nyuma bila salamu, na lilikuwa linamkaa moyoni. Akaona leo asipunge mkono tu, asimame kabisa amwamkie. Akapunguza mwendo, akakata usukani kushoto mpaka mwisho kuingia pembeni. Waya wa mafuta ukakaza, ukajivuta. Injini ikanguruma yenyewe, pikipiki ikaruka mbele naye juu yake, ikaingia mtaroni.

Watu wa kwanza kufika walipomuuliza kimetokea nini, alisema ng'ombe.

Nilimkuta hospitali, mkono umefungwa, uso umevimba upande mmoja. Nilikuwa nimejitayarisha kusema pole, akaniwahi kwa sauti ya chini ili mgonjwa wa kitanda cha pili asisikie.

"Nenda katazame waya wa mafuta kabla hawajatazama wengine. Nilipokata kushoto ilivuta yenyewe."

Nikakaa kwenye kitanda bila kukaribishwa. Nikamuuliza kwa nini basi amesema ng'ombe. Akasema pikipiki ni ya zahanati, wangekuja kwangu na maswali, wangeung'oa ubao wangu, na yeye bado anataka kusalimia watu, sasa nani angemrekebishia. Halafu akaniambia maneno ambayo nimekaa nayo mpaka leo: "Wewe fundi ulimpima mgonjwa akiwa amelala chali tu. Hukumwambia ageuke."

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Sina namna nyingine ya kulisema hilo.

Nilivitoa vile vipande, nikakata vingine vya urefu wa kidole kimoja, nikaagiza waya mrefu zaidi Arusha, nikaupitisha upya. Nikawasha injini, nikakata usukani kushoto mpaka mwisho, nikarudisha, nikakata kulia mpaka mwisho. Nilifanya hivyo mpaka jirani akauliza kama nimechanganyikiwa. Mkono wa mama yako ulipopona alipanda tena pikipiki ileile, akiwa na kile kiwiko kilichopinda, na akaendelea kusalimia watu.

Mpaka hapo kosa ni la ufundi, na fundi yeyote anaweza kukosea. Linalofuata ni langu mimi kama mtu, na ndilo lililonifanya nikuagize chai mara tatu.

Ng'ombe akishatajwa, watu humtafutia mwenyewe. Haikuchukua muda ikajulikana kwamba aliyekuwa anachunga pale ni Gidamis. Kwenye mkutano wa hadhara akasimamishwa akasemwa, kwamba mifugo yake imeivunjia wilaya nesi, na wafugaji wote wakaambiwa waache kulisha kando ya barabara, wakati ndiko majani yalikokuwa yamebaki. Nilikuwepo. Nilikaa safu ya tatu, nikatazama viatu vyangu. Mzee hakujibu neno. Mama yako aliposikia alilia, akasema tuseme ukweli kesho yake. Mimi ndiye niliyemwomba asubiri. Nikamwambia ngoja gereji isimame kidogo, ngoja watu wapoe. Yeye alisema uongo wake mara moja, akiwa mtaroni, kwa ajili yangu. Mimi niliendelea na wangu nikiwa nimekaa kitini, mzima wa afya.

Na tukiwa katika kusubiri huko, mzee Gidamis akatokea zahanati na mtamba mwekundu. Akasema ni wa nesi. Hakueleza zaidi, akaaga, akaondoka. Kwa desturi yao mtu akiumia kwa sababu yako unapeleka mnyama, na kumkataa ni kumtukana aliyemleta. Tukampokea. Tulipooana tukawa na ng'ombe kabla ya kitanda.

Wewe ulipozaliwa, mtamba yule alikuwa ameshazaa. Mama yako alirudi kazini mapema, na mimi ndiye niliyekuwa nikikunywesha. Asubuhi moja nimekupakata hapahapa gerejini, unakunywa maziwa ya ng'ombe wa Gidamis huku ukinitazama machoni, kwa ile namna watoto wanavyotazama bila kupepesa. Sikuweza. Nilikupeleka kwa mama yako kazini, nikachukua baiskeli, nikaenda Gehandu.

Nilimkuta ameketi kwake. Nikamwamkia. Akataka niletewe maziwa kwanza, nikasema sinywi mpaka niseme. Nikamwambia yote, waya, vipande, mkutano, safu ya tatu. Nikasema mtamba wake na ndama wake nitawarudisha keshokutwa, na nitakwenda kusema mbele ya watu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ng'ombe wangu walikuwa nyuma yangu wote. Mimi nilikuwepo. Niliona."

Nikamuuliza sasa yule mtamba alimleta wa nini.

"Yule daktari alikuwa anakuja kunisalimia mimi. Wengine na magari yao wanapita tu, sisi tunabaki na vumbi. Yeye alikata njia, akaja. Ameanguka ndani ya salamu yangu. Nikae tu?"

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza walipomsema mkutanoni.

"Yeye amesema ng'ombe. Mgeni wetu huyo. Mimi nisimame mbele ya watu niseme anadanganya? Na wewe usiende. Ukisema leo, wanaodanganya ni wawili, na mmoja ni mke wako. Kunywa maziwa."

Nilikunywa, mwanangu, na machozi yakiingia humohumo. Nilipomaliza akauliza mtoto anaitwa nani. Nikasema Fausta. Akafikiri, akasema jina ni zuri, ila yeye atakuita Salamu.

Sasa unajua. Miaka yote umeniuliza kwa nini yule mzee wa Gehandu anakuita Salamu, na mimi nikakujibu kwamba ni mambo ya wazee. Umeniuliza pia kwa nini hapa hakitoki chombo mpaka injini iwashwe na usukani ukatwe pande zote mbili, na wateja wanatutania kwa hilo. Nilikufundisha kama mchezo, unakaa juu ya tangi unaimba: kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Hukuwahi kujua mchezo umetoka wapi.

Na unakumbuka pikipiki ya mwalimu mkuu? Ulikuwa darasa la nne. Nilikuwa na homa, nimebadilisha waya, nikasema tayari, mwalimu ameshavaa kofia. Ukagoma kushuka. Ukasema, "Baba, hatujaimba." Nikataka kukukaripia mbele ya mwalimu wako. Ukawasha, ukakata kulia, na injini ikapanda yenyewe. Nilimwomba mwalimu arudi kesho yake, nikaenda nyuma ya gereji nikalia, wewe ukadhani ni homa. Asante, mama. Sijawahi kukushukuru kwa siku ile kwa sababu ningelazimika kueleza yote haya.

Huku kwetu mengi yamebadilika tangu wakati huo. Tulikatwa kutoka Arusha tukawa Mkoa wa Manyara, ofisi zikaongezeka, lami inakuja, na vijana wa bodaboda wanapita wazee bila hata kupunguza mwendo. Mimi katika yote hayo nimeishi vizuri kuliko nilivyostahili. Nimeishi kwa sababu mwanamke aliyevunjika mkono alinifichia aibu, na mzee aliyesingiziwa akaninywesha maziwa. Nikipiga magoti kanisani sina maombi mengi, huwa nasema asante mpaka muda unakwisha. Siku utakapokosea huko chuoni au kazini, na utakosea, sijui utakutana na watu wa namna hiyo au hapana. Nakuombea uwapate. Ila usikae safu ya tatu. Mimi nimekaa, na kile kiti bado nakikalia.

Ndani ya sanduku, chini ya blanketi ambalo najua limeshaingia, utakuta vipande viwili vya chuma vimefungwa kwenye kitambaa. Ndivyo vile virefu, vya vidole vitatu. Nimevitunza kwenye kopo la misumari miaka yote. Usidhani ni uchafu wa gereji umeingia kwa bahati mbaya. Havifai kwa pikipiki yoyote, viweke mezani kwako uwe unavitazama.

Sasa la kesho. Mzee Gidamis atakuja stendi. Hana tena nguvu, mjukuu wake atamleta, na watachelewa kwa sababu wanatoka mbali. Huenda utakuwa umeshakaa kwenye kiti chako. Usimpungie mkono dirishani. Shuka chini kabisa, umfuate alipo, umwamkie kama mama yako alivyotaka kumwamkia. Dereva atapiga honi, mwache apige. Nimesubiri miaka yote hii ile salamu ifike, na mwenye miguu ya kuifikisha ni wewe.

Kuhusu mama yako, usimuulize lolote. Tangu nilipomletea maneno ya mzee kutoka Gehandu amemshikilia ng'ombe wake kwa uaminifu, na mimi nikijaribu kusema ukweli tukiwa wawili tu, ananikatiza. Ukimuuliza atakwambia ng'ombe alikuwepo, alitokea upande wa kulia, na alikuwa mwekundu. Usibishane naye. Ng'ombe huyo ametulisha sote.

Ni mimi baba yako,
fundi aliyewahi kumwangusha mtu.